Seva Inayosema Kitaliano

Jumatatu, 9 Juni 2003
Seva imefika hotelini Kiwengwa. Bapa kama sanduku la piza, nzito kama jiwe. Masika yamekwisha, hoteli inafunguliwa upya. Atakayeiwasha ndiye mkuu wa kompyuta. Ni mimi au Kulthum, binti wa ami yangu. Yeye kasomea kompyuta chuoni Tunguu. Mimi nimemwambia meneja, Bi Shemsa, kwamba seva nimezizoea tangu Maskati. Maskati nilikwenda mara moja, harusini.

Nimeifunga kwenye kabati la chuma. Imependeza! Kulthum alipita, akainamisha kichwa mpaka begani ili asome jina la mashine, akauliza kama Maskati wanazifunga juu chini. Nikasema ndiyo.

Jumanne, 10 Juni
Nimeigeuza. Balaa jipya: haina tundu la skrini! Nimemwambia Bi Shemsa tumeuziwa kipofu. Kulthum akadakia kwamba nyuma lipo tundu la konsoli. Unapitisha waya hadi kwenye laptopu, mnaongea. Nikamwambia nshajua, nilikuwa nampima. Alipokwenda kula, nikauchukua waya wake.

Jumatano, 11 Juni
Nimeunganisha. Nimewasha. Ikanguruma kama ndege inayotaka kuruka uwanjani Kiembe Samaki! Kwenye laptopu yakamiminika maandishi: herufi zenye vikofia na vitone, alama za kuuliza, moyo mmoja. Nikatafakari. Wenye hoteli Wataliano. Mashine wameileta wao. Basi hiki Kitaliano!

Nimemwita Gharib, papasi wa ufukweni anayewauzia Wataliano safari za pomboo kwa lugha yao. Kaikodolea macho skrini. Kasema mashine inatoa salamu, imechoka na safari, inaomba ipumzishwe mpaka Ijumaa. Namwamini. Mtu aliyewatembeza Wataliano nyumbani kwa bibi yake akawaaminisha ni kasri la sultani, lugha anaijua.

Nimeizima.

Ijumaa, 13 Juni
Siku ya aibu! Baada ya sala kaja Bi Shemsa, Kulthum nyuma yake. Nikawasha. Nikamsomea kwa adabu: "Inakusalimu, Bi."

Nilisahau kwamba Bi Shemsa amegombana na Wataliano, kwa lugha yao, tangu nywele zake hazijaingia mvi. Kavaa miwani. Kasema, "Mwanangu, hiki si Kitaliano. Hii si lugha ya binadamu."

Kulthum akakaa kwenye kiti changu. Akaeleza kwamba mashine inasema polepole, nami nimeiwekea laptopu kasi ya mbio. Ndiyo maana maneno yanafika yamevunjika. Akabadilisha namba moja tu. Maandishi yakanyooka. Mashine ikaomba jina. Akaandika, ikamfungulia.

Kisha akanigeukia: "Na waya wangu je, Thuwaini? Maskati mnaazima bila kuomba?"

Bi Shemsa kacheka mpaka kashika mlango. Kulthum ndiye mkuu. Mimi nimepewa nauli ya kurudi mjini.

Jumamosi, 14 Juni
Njama tupu! Kama Gharib angetafsiri vizuri, kiti kile kingekuwa changu.

Lakini jirani yangu Mkadam kanipa habari: kuna hoteli mpya Kiembe Samaki, seva wanayo, mtu hawana. Nimekwenda mbio. Nimemwambia meneja ile ya Kiwengwa niliiwasha mimi, ilikuwa na lafudhi kidogo tu. Kafurahi. Yao imetoka kwa Wajerumani. Naanza Jumatatu.

Mkadam kaniazima kamusi ya Kijerumani.