Cherehani Mia na Ishirini

Jumatatu, tarehe 4 Mei

Siku nane kabla ya kuwasilisha mradi wa kumaliza chuo. Darasa zima la takwimu bima limekonda kwa mawazo. Mimi nimenenepa.

Kikundi chetu kina watu watatu. Tunabuni bima ya cherehani: fundi anachangia kila mwezi, mashine ikimfia anapewa nyingine. Ili tujue achangie kiasi gani, lazima tujue cherehani huishi miaka mingapi. Kwa hiyo mtu inabidi azunguke kwa mafundi, akusanye habari za cherehani mia na ishirini zilizokufa. Mtu huyo ni mimi. Nilijitolea mwezi wa pili, siku ambayo nilitaka kuonekana mchapakazi.

Mpaka leo nimewafikia mafundi wangapi? Mmoja. Naye ni shangazi yangu. Tunaishi nyumba moja.

Kiongozi wetu ni Desimali. Jina hilo nimempa mimi, kwa kuwa hata ukimwuliza saa anakujibu mpaka na sekunde. Katibu ni Kimya. Hasemi kitu. Kila linalotamkwa kikaoni analiandika kwenye daftari lake la jalada la kijani, basi.

Leo Desimali ameuliza data ziko wapi. Nikamwambia kesho saa nne kamili zitakuwa mezani. Kimya akaandika.

Jumanne, tarehe 5 Mei

Saa nne imepita bila ubaya wowote. Nimemwambia Desimali kompyuta yangu imeingiwa na virusi. Akaniuliza ni virusi vilevile vya mwezi wa tatu au ni vipya. Mchokozi huyu! Kimya akaandika.

Nyumbani shangazi ameanza kunishonea suti ya mahafali. Ananipima mabega, pini ziko mdomoni, na bado anaongea. Anasema katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kuvaa joho, na kwamba wateja wake wote wameshaarifiwa. Yeye ndiye aliyenilea tangu nina miaka sita. Niliona aibu, aibu ya kweli, mpaka nikashindwa kunyoosha mkono alipotaka kupima mkono.

Kisha nikapata wazo, aibu ikapoa. Nikamwuliza amewahi kufiwa na cherehani ngapi. Tatu. Ya kwanza iliishi miaka ishirini na miwili, ya pili tisa, ya tatu sita, nayo ilikata roho mteja akisubiri gauni la harusi. Nikaandika zote. Bado mia na kumi na saba tu.

Alhamisi, tarehe 7 Mei

Mimi ni mtu wa akili, nakubali.

Desimali amekwisha kuchagua fomula ya mkunjo, ile inayoonyesha cherehani zinavyopungua mwaka baada ya mwaka. Sasa, kama cherehani zitafuata fomula, kuna haja gani ya kuwasumbua mafundi? Tuiulize fomula yenyewe.

Nikamnunulia Kimya chai katika mkahawa wa chuo. Akanionyesha fomula. Akaandika kwamba nimeiomba.

Kwa dakika kumi na moja, cherehani mia na kumi na saba zimezaliwa, zimeshona na zimekufa, zote ndani ya kompyuta. Kila moja nikaipatia mwenyewe: Fundi wa Kona, Fundi wa Kona ya Pili, Mama Vifungo, Mzee wa Zipu. Walipofika themanini ubunifu ukaniishia. Waliobaki nimewaita Fundi Mwingine.

Ijumaa, tarehe 8 Mei

Asubuhi nimekabidhi data. Desimali alitaka kutabasamu. Nilikiona kidevu kikicheza.

Saa tisa akaniita maktaba. Akanionyesha mkunjo kwenye kioo cha kompyuta. Data zangu zimelala juu ya mstari mwanzo hadi mwisho, kama kitambaa kilichopigwa pasi. Nikampongeza kwa kuchagua fomula nzuri. Akasema hajawahi kuona data za watu hai zenye utii wa namna hii. Halafu, kwa adabu sana, akauliza ni fundi gani aliyemwambia mtu kwamba cherehani yake iliishi miaka saba nukta tatu nane mbili.

Nikasema ni Fundi Mwingine.

Akauliza ni yupi, maana wako thelathini na saba.

Njia ya mwongo ni fupi, ndiyo, lakini yangu haikufika hata mlangoni. Kosa langu ni moja tu: nilisahau kuondoa nukta.

Jumamosi, tarehe 9 Mei

Kikao cha dharura, maktaba, chumba cha tatu, kile chenye feni inayogonga. Desimali ameweka mezani fomu za kutathminiana. Kila mwanakikundi anawapa wenzake alama, na asiyepata wastani wa angalau ishirini kati ya arobaini harudi nyumbani na shahada. Anarudia mwaka. Akasema mimi ananipa sifuri, na zile data anampelekea mhadhiri mwenyewe.

Nikaomba. Nikawaeleza habari za shangazi, pini na suti. Katikati ya maneno sauti ikakatika, na wala sikuwa naigiza. Nilishangaa mwenyewe. Nikaahidi Jumatatu saa nne kamili nitaleta mafundi ishirini halisi, wenye duka na mlango.

Kimya akaandika. Kisha akasema! Mara ya kwanza tangu mwaka wa kwanza. Akasema hiyo ni ahadi yangu ya arobaini na moja.

Siku za mwizi ni arobaini. Nikaona nimepitiliza kwa moja.

Desimali akamwuliza amejuaje. Kimya akamsogezea lile daftari. Ahadi zangu zote zimo, tangu mwezi wa pili. Tarehe ya kutolewa. Tarehe ya kufa. Sababu ya kifo. Desimali akafungua kurasa taratibu, akarudi mwanzo, akafungua tena. Macho yalimng'aa. Wakaniambia niende nyumbani nikapumzike. Kumbe wana huruma!

Jumapili, tarehe 10 Mei

Nilikuwa tayari kabisa kwenda kwa mafundi. Viatu nimevaa. Shangazi akaniambia Jumapili mafundi wote wamefunga. Nimevua.

Jumatatu, tarehe 11 Mei

Saa mbili nimefika kwa fundi wa kwanza wa kweli. Akasema nisubiri amalize pindo. Palikuwa na benchi, na juu ya benchi mto. Nimeamka saa saba.

Nilifika chuoni nimejiandaa kwa matusi. Desimali hakukasirika hata kidogo, na hilo lilinitisha kuliko matusi. Alitazama saa, akamwambia Kimya aandike kwamba ahadi imekufa saa nne kamili, sababu ya kifo usingizi. Akanipa karatasi nisaini, akasema ni ridhaa ya mshiriki wa utafiti. Nikasaini bila kusoma. Mtu aliyeponea chupuchupu hachagui karatasi.

Jumanne, tarehe 12 Mei

Siku ya kuwasilisha. Ukumbi umejaa, watu sitini. Desimali akasimama, akabonyeza, kichwa cha mradi kikajitokeza ukutani: Bima Dhidi ya Ahadi za Mwanakikundi, Pamoja na Jedwali la Uhai Wake.

Nilitafuta mlango. Kimya alikuwa amekaa mbele yake.

Ahadi arobaini na moja zilizaliwa. Thelathini hazikuona jua la pili. Wastani wa maisha, siku moja na theluthi. Iliyoishi muda mrefu kuliko zote ilifikisha siku tisa, kwa sababu wote tulikuwa tumeisahau. Wakaja kwenye sababu za vifo. Virusi vya kompyuta, tisa. Mvua, sita, mbili kati ya hizo wakati wa kiangazi. Msiba, nne, na hapo Desimali akaeleza kwa upole kwamba bibi wa mhusika amefariki mara mbili.

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mhadhiri alivua miwani akaifuta. Akasema kwa miaka mingi ameletewa data za kupikwa, leo ameletewa za kweli, kila moja na tarehe yake. Akauliza mhusika ni nani. Desimali akasema mhusika ana haki ya kufichwa. Vichwa sitini vikanigeukia. Masikio yaliniwaka, nikatamani niingie chini ya kiti.

Mradi umepata themanini na moja. Na fomu yangu? Desimali amenipa ishirini nukta sifuri sifuri. Akasema bila mimi wasingekuwa na data. Kimya naye ishirini.

Nimepona! Limebaki jambo dogo: mhadhiri anataka kurasa mbili kutoka kwangu, nieleze upande wa mhusika. Mwisho Ijumaa saa sita. Bila hizo alama zangu hazitoki.

Jumatano, tarehe 13 Mei

Nimepima mambo kwa utulivu. Nani aliyeleta data nyingi kuliko wote? Mimi. Peke yangu. Nafikiria kudai jina langu litangulie kwenye jalada.

Shangazi amemaliza suti, imebaki kifungo kimoja. Anasema atakishona siku alama zikitoka. Nikamwambia ashone tu, kesho saa nne kamili nakabidhi kurasa mbili, mambo yamekwisha. Akanitazama juu ya miwani, akakirudisha kifungo kwenye kopo.

Kimya nilikutana naye kwenye ngazi za maktaba. Naye nikamwambia kesho saa nne. Akatoa daftari jipya, la jalada jekundu. Nikampongeza kwa rangi.

Alhamisi, tarehe 14 Mei

Saa nne imepita bila ubaya wowote.