Ng'ombe Kumi na Wanne Walioandikwa Kwangu

Laini ya Wafanyakazi,
Moiben, kupitia Eldoret.
9 Januari 1968

Kwa Bwana Afisa wa Takwimu,
Eldoret.

Bwana,

Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima, na vitabu vyako pia. Sisi hapa tu wazima, ila mimi nimekuwa tajiri bila kuarifiwa, ndiyo sababu nimeazima kalamu ya Mwalimu Sarah.

Agosti iliyopita ulimtuma karani wako, Bwana Jeconia Aloo, aje kuhesabu maendeleo yetu. Simlaumu. Ana adabu, alivua kofia, akanywa maziwa lala vikombe vitatu. Alitazama bomani mwangu, akaona ng'ombe kumi na wanne, akaandika kumi na wanne. Kuhesabu anajua. Malalamiko yangu ni haya:

1. Hakuna hata mmoja aliyekuwa wangu. Nikueleze: huku kwetu mwenye ng'ombe wengi hawalazi mahali pamoja. Huwagawa kwa marafiki, wawili hapa, watano kule, ili ugonjwa ukiingia usimmalize, na macho ya watu yasimmalize. Anayewatunza hunywa maziwa, lakini ndama ni wa mwenyewe. Hao kumi na wanne walikuwa wa mzee mmoja, jirani yangu. Jina lake silitaji, maana kumtangazia mtu mali yake ni kumvua nguo mbele za watu. Kwa sababu hiyo hiyo sikumwambia karani. Na fomu haikuuliza ng'ombe ni wa nani. Iliuliza ni wangapi, swali ambalo kwetu hata mwenyewe haulizwi.

2. Siku hiyo karani alifika pia kwa huyo mzee. Akakuta mbuzi mmoja anayechechemea. Mzee akakohoa. Kikohozi hakikuandikwa, lakini naamini kilisaidia.

3. Desemba chifu alitusomea ripoti yako barazani. Mimi, niliyekuwa mkamuaji wa mzungu, nilisomwa kuwa mkulima aliyeendelea, na jina langu likafutwa katika orodha ya wasio na ardhi. Yule mzee alisomwa wa kwanza kati ya maskini, akapewa ekari kumi na tano kwenye skimu ya makazi ya serikali. Watu walipiga makofi. Mimi pia nilipiga, kwa kuwa nilikuwa nimekaa karibu naye.

4. Alipohamia huko, ng'ombe wake walimfuata kutoka pande zote. Kutoka kwangu walitoka kumi na wanne, nikawasindikiza mwenyewe hadi mtoni. Sasa Hellen, mke wangu, anawapa watoto chai bila maziwa, na katika kitabu chako kila mtoto wangu bado anakunywa painti mbili kwa siku.

5. Mwanangu Kibet alikuwa amekubaliwa kumwoa Chelimo kwa ng'ombe watatu. Baba yake Chelimo alikuwepo barazani. Sasa anataka saba, na anasema hana haja ya kubishana nami, yeye anafuata hesabu ya serikali.

6. Hili ndilo linaloniuma kweli. Shamba hili la mzungu limenunuliwa na kampuni ya wenye hisa, nami hisa sina. Laini zetu, hizi nyumba za wafanyakazi, zitabomolewa mwisho wa Februari, kabla ya kulima. Nilizaliwa hapa, na nimekamua hapa miaka ishirini na miwili. Nikienda kuomba shamba, wananifungulia ripoti yako na kunipongeza. Bwana, naogopa. Sijui watoto nitawalaza wapi.

Kwa hivyo naomba moja kati ya mawili. Ama unifute kwenye utajiri huu, ama, kama kitabu cha serikali hakikosei, uniletee hao ng'ombe kumi na wanne kwa lori. Saba nitampa mkwe. Saba waliobaki watasimama nami barabarani mwezi wa Machi, ili wapita njia wamwone mkulima aliyeendelea. Lori likiwa na nafasi, lete na zile painti za watoto tangu Desemba.

Mimi sina hata ndama. Niko tayari kuapa hivyo mbele ya mchungaji.

Nisalimie makarani wote, Bwana Aloo hasa, na mama wa nyumbani kwako.

Wako mtiifu, niliyeendelea kwenye karatasi,

Kiprotich arap Lelmet

N.B. Nasikia mwezi ujao Bwana Aloo atahesabu upande wa Chepsaita. Akifika kwa mjane mmoja aitwaye Jemutai, ataona ng'ombe kama tisa hivi. Ni wangu, lakini kuwahesabu siruhusiwi. Tafadhali aniangalizie yule mwekundu mwenye pembe moja, niliyeachiwa na marehemu mama yangu, kama bado yu hai. Kisha awaandike wote kwa Jemutai. Yeye naye ameomba shamba, lakini ni mama mpole, hatakuandikia barua.