Koti la Baba, Kitambi Changu

Jumapili, 4 Mei

Mama katangaza mbele ya wote. Atakayemsindikiza kitindamimba wetu kwenye harusi Jumamosi atavaa koti la marehemu baba, vifungo vyote vikiwa vimefungwa. Mkasi usiliguse! Akanitazama mimi, maana fundi cherehani wa familia ni mimi. Mwenye kitambi pia ni mimi. Nikalijaribu. Vifungo viliyatazama matundu kwa mbali kama watu waliokosana. Akalivaa mdogo wangu, tunayemwita Njiti, likafunga na nafasi ya mto ikabaki. Njiti! Yule binti nimembeba mgongoni mimi. Siwezi kukaa kitini nikimtazama Njiti kamshika mkono. Kesho naanza kufunga.

Jumatatu, 5 Mei

Asubuhi maji tu. Nesi, jirani yetu, kanipima kwenye mizani yake. Kasema mwili ukikosa chakula hutumia kwanza sukari iliyowekwa kwenye ini, kisha hugeukia mafuta. Vizuri sana. Mafuta ninayo. Mchana tumbo likaanza kuzungumza mbele ya wateja, nikakanyaga cherehani kwa nguvu kulifunika.

Nina mpango wa pili, wa siri. Chakula cha mchana anachonifungia mke wangu nampelekea Njiti. Mimi nakonda, yeye ananenepa. Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Zangu ni ndefu.

Jumanne, 6 Mei

Kichwa kinagonga. Nimeshona zipu kwenye mkono wa shati la mwalimu. Akauliza ni mtindo gani. Nikamwambia ni wa kupitisha hewa. Kalichukua, na kalipia!

Mke wangu analalamika kwamba mdomo wangu unanuka na kwamba nimemgombeza hadi paka. Lakini mkanda umeingia tundu la ndani zaidi! Ushindi! Nikamkimbilia nesi. Akasema hayo ni maji tu: sukari ya akiba hukaa na maji, ikiisha hutoka nayo, ila mafuta huondoka polepole. Wivu.

Jumatano, 7 Mei

Nilifikiri hivi: kama yanayotoka ni maji, basi nisinywe kabisa. Kabla ya mchana nikaanguka juu ya marobota ya vitambaa. Nesi kanifokea kama mtoto, kaninywesha maji, kasema kitambi cha miaka hakiondoki kwa wiki. Jioni nikaamua kula kidogo, kwa afya. Nikamaliza sufuria. Watoto walikula mkate mkavu.

Tena nimempima Njiti kiuno, nikisingizia suruali ya harusi. Hajaongezeka hata uzi! Chakula changu chote kile kinakwenda wapi?

Ijumaa, 9 Mei

Mambo yamegeuka! Njiti kaenda kwa mama akilia. Kamwambia kaka amefunga kwa ajili ya ndoa ya mdogo wetu, na chakula chake anawapa wengine. Kwa hiyo yeye Njiti hastahili koti. Mama kaja dukani kwa miguu, kaniwekea mkono kichwani, kaniombea baraka. Kitindamimba kalia begani kwangu. Nami nikalia, kweli kabisa, na si kwa njaa peke yake. Nilitaka kusema ukweli. Mdomo ukakataa, nami sikuulazimisha.

Koti bado. Vidole viwili.

Jumamosi, 10 Mei

LIMEFUNGA! Vifungo vyote!

Nilitembea na kitindamimba wetu polepole, mkono wake ndani ya wangu. Akaninong'oneza kwamba kwa harufu ya koti hili ni kama baba yupo. Sijawahi kuwa na furaha kama hii, hata siku ya harusi yangu mwenyewe.

Mezani ndipo nilipoona. Vifungo vimesogezwa hadi ukingoni, uzi mpya kabisa. Nikamgeukia mama. Akasema alichokataza ni mkasi, sindano hakuitaja mtu, na marehemu baba alikuwa akisogezewa hivyohivyo kila harusi. Maskini mama, kajisumbua bure! Funga yangu ingetosha.

Jumapili, 11 Mei

Nesi kaja na mizani. Nimezidi uzito wa Jumatatu kwa kilo moja. Kasema maji yamerudi mahali pake, na vyakula vya harusi vimeyasindikiza. Nikamjibu kwamba hiyo kilo ni heshima.

Njiti naye anaoa mwezi wa kumi na mbili. Mama kasema msindikizaji ni mimi, koti ni lilelile, na safari hii sindano hashiki, macho yamechoka. Sina wasiwasi. Sayansi ninayo. Mwili unaofunga huchoma akiba, na asiye na akiba atachoma nini? Nimemwomba mke wangu sahani ya pili. Naanza kuweka akiba mapema.