Ombi la Kurudishiwa Pumzi za Pelagia

Murusi, Kasulu
Septemba 2014

Kwako Mama Mkwe Kezia, mheshimiwa sana, Nyakitonto,

Shikamoo. Nakuandikia kwa sababu adabu ya ukwe hainiruhusu kusimama mbele yako tukabishana. Siku ile mlangoni kwangu ulibishana peke yako hadi ukamaliza. Mimi nilikuwa nyuma ya nyumba, nimeinama kwa heshima. Nilisikia yote.

Mama, unanijua. Mimi ni fundi chokaa, nimepaka kuta toka hapa mpaka Kibondo, nimefika Bujumbura, na Kiingereza kinanisalimia nikipita. Basi mwezi wa saba nilihudhuria semina ya mazingira, kiti cha mbele. Mtaalamu akasema ile hewa ya kaboni inayopasha dunia joto, ambayo hata sisi tunaitoa tukipumua, inaweza kugeuzwa jiwe. Iko nchi ya baridi wanaisukuma ardhini pamoja na maji, inaganda ndani ya miamba, haitoki tena. Akaongeza kwamba hata chokaa huinywa hewa hiyo ikawa jiwe. Chokaa! Dunia nzima inatafuta mwokozi, kumbe yuko Murusi na brashi mkononi.

Nikaanza mradi. Nilijaza maji ya chokaa kila chombo cha nyumbani. Asubuhi juu yake pana ganda jembamba, kama la uji uliopoa, ila ukiligusa linavunjika kama kigae. Jiwe hilo, Mama, lililotoka hewani! Sasa malalamiko yangu:

1. Umenichukulia mke wangu Pelagia, ambaye ndiye mtambo wenyewe. Pumzi yangu mimi ni hafifu, muda mwingi nafikiri. Lakini Pelagia akiinamia karai na kuanza, "Venanti, umeoa mke au umeoa karai? Ugali niupikie kwenye kofia yako?", maji yanageuka maziwa palepale. Hewa ya wilaya nzima ilikuwa inasafishwa kwa hasira zake.

2. Umeondoka na sufuria tatu. Mawe yake yalikuwa bado machanga, na nasikia uliyamwaga migombani.

3. Unatangaza kwamba nilitaka kumuua Reverien, mwanao wa mwisho. Si kweli hata kidogo. Alikuja kunisalimu, akaona jagi la kitu cheupe, akadhani maziwa, akamimina kwenye chai yake. Nilikipiga kikombe kikaruka mpaka uani kwa jirani yangu Mwanaheri. Hakuna aliyeungua. Kuokoa shemeji na dunia asubuhi moja, nani mwingine ukweni kwako amewahi?

4. Huko Nyakitonto pumzi za Pelagia zinapotea bure kwenye mihogo. Utasema mihogo nayo inazila. Sawa, lakini mkiila mihogo mnazipumua tena! Jiwe halipumui, Mama. Jiwe linatulia.

5. Kwa hiyo naomba Pelagia arudi kabla ya Jumapili, na wewe ufuatane naye. Ile pumzi uliyoitoa mlangoni, nasema kwa heshima zote, ingegandisha pipa. Nitawatandikia mkeka, nitawapangia makarai, mtanisema kwa zamu. Mimi nitakaa nyuma ya nyumba kama kawaida.

Nisalimie Baba Mkwe, Reverien na kikombe chake kipya, mbuzi wote, na majirani waliozipata habari hizi kwa upande wako tu.

Ni mimi mkweo mtiifu, mgandishaji wa hewa,
Venanti

Baada ya sahihi: Kabla sijaifunga bahasha nimempigia simu yule mtaalamu kumtangazia ushindi. Akaniuliza chokaa yangu inatoka wapi. Nikamwambia tanuruni, mawe yanachomwa kwa magogo ya lori zima. Akasema hewa niliyoinasa ni sehemu tu ya ileile iliyotoka kwenye mawe hayo yakichomwa, na moshi wa magogo sijaugusa hata kidogo. Kumbe ningekaa kimya dunia ingekuwa na nafuu.

Nimemwaga makarai yote, nimeyasugua kwa mchanga. Nyumba ni nyeupe, imetulia kama jiwe, na ugali wangu unatoka mabonge. Mwambie Pelagia arudi, hana kazi yoyote ya kufanya. Apumue apendavyo, akitaka hata chumba kingine, mradi niwe namsikia.