Kadi Yenu na Nikaha ya Najat

Mabatini, Mwanza.

Kwa: Meneja, Kitengo cha Kadi na Bima ya Safari.

Kupitia kwa: Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa (ameshagonga mhuri, hajasoma).

Ndugu Meneja,

YAH: KUKATALIWA KWA DAI LANGU LA KUCHELEWA SAFARI, NA OMBI LA BARUA MOJA YENYE MHURI

Kichwa cha habari hapo juu kinahusika, nami nahusika nacho kuliko nilivyotaka. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wote mnaotumia kiyoyozi kimoja.

Mimi ni Bashiru Muharami, muuza spea za baiskeli hapa Mabatini, mteja wenu wa miaka kumi na minne na mwenye kadi yenu ya mkopo kwa mwaka mmoja na nusu. Jumamosi ya pili ya mwezi uliopita ndege yangu ilichelewa kuondoka Mwanza, nikaikosa nikaha ya binti yangu Najat huko Dar es Salaam, ambayo mimi ndiye niliyekuwa walii wake. Sharti lenu la kuchelewa saa sita nililitimiza, nikazidisha na dakika kumi. Nikaleta dai. Mkanijibu kwa aya tatu na samahani moja. Naomba nizijibu aya hizo kwa heshima zote, kwa kuwa tangu siku ile Najat hapokei simu zangu, na sina mwingine wa kumlaumu ambaye ana ofisi.

1. Mmesema tiketi haikulipiwa kwa kadi, na kwamba bima hufanya kazi pale tu nauli inapolipwa kwa kadi yenyewe. Ndugu Meneja, ingelipwa vipi? Siku ofisa wenu Precious aliponiletea kadi dukani, alinisihi niitunze sana, akasema nikiwa nayo nasafiri nikiwa nimelindwa. Nikaitunza. Jioni ileile niliipeleka kwa Nestory wa stesheneri, akaipiga lamineshi, plastiki nene ya moto pande zote mbili, kama sisi wote tunavyofanya vyeti vya kuzaliwa ili maji na mende visivipate. Ikatoka nzuri, inang'aa, na pembeni imeongezeka upana wa kidole. Wakala wa tiketi alipojaribu kuisukuma kwenye mashine yake, ikagoma. Akajaribu kwa upande wa pili. Kisha akanirudishia kwa mikono miwili, kama mtu anayerudisha picha ya marehemu, nami nikalipa taslimu.

Nilidhani ulinzi uko kwenye kuibeba. Nani aliniambia vinginevyo? Kijitabu chenu kina kurasa arobaini na mbili, na maandishi yake yamekusudiwa sisimizi waliosoma. Kwa hiyo nimekuwa nikiibeba. Nimevuka kwenda Kamanga kivuko kikiyumba, abiria wenzangu wakinong'ona dua, mimi nimetulia nimeweka kiganja kwenye mfuko wa shati. Hata nikienda Kisesa kuangalia mahindi yangu siiachi nyumbani. Kwa mwaka mmoja na nusu hakuna baya lililonipata, na sikuwahi kuwaandikia kuwashukuru. Kosa hilo nalikubali.

2. Mmesema begi langu, lililofika Dar siku moja baada yangu, halifidiwi kwa kuwa lilikuwa na vitu vinavyoharibika. Ni kweli lilikuwa na sato wa kukausha kumi na wawili, zawadi ya wakwe. Lakini sato hao hawakuharibika hata kidogo. Kilichoharibika ni kanzu yangu mpya, ambayo niliwafungia ndani yake ili wasivunjike mikia. Na kwa kuwa begi lilikuwa bado halijafika, niliingia kwenye walima nikiwa na shati nililosafiri nalo, ambalo kifuani lina tangazo la tairi za baiskeli. Kijitabu chenu, ukurasa wa ishirini na tatu, kinamruhusu mteja kununua mavazi ya lazima wakati akisubiri begi lake. Mimi niliusoma ukurasa huo nikiwa nimesharudi Mwanza. Kwenye picha za harusi nimesimama pembeni, natangaza tairi. Sidai chochote kwa hilo, nilitaka tu ujue mteja wenu anavyoonekana.

3. Aya hii ya tatu ndiyo iliyonikosesha usingizi. Mmesema hata kama tiketi ingelipiwa kwa kadi, mafao ya kukosa shughuli ya familia yanawahusu mke na watoto wa mwenye kadi, na kwamba Najat, kwa mujibu wa ukurasa wa kumi na saba, si mtoto wangu.

Hapa naomba nisifanye mzaha kwa muda mfupi. Najat ni mtoto wa kaka yangu Yahaya. Yahaya alipofariki, mtoto alikuwa darasa la pili. Mama yake akaenda Dar kutafuta maisha, na mtoto akabaki kwangu na mke wangu Mwaija. Nilimfundisha kuziba pancha kabla hajajua kuzidisha. Alipougua surua nililala sakafuni pembeni ya kitanda chake siku tisa. Kwenye fomu za shule, palipoandikwa baba, niliandika jina la Yahaya, na palipoandikwa sahihi, nikaweka yangu. Ukurasa wa kumi na saba uliandikwa na mtu asiyejua fomu hizo.

Siku ya nikaha, saa saba mchana, shehe alinipigia simu kwa kuwa mimi ndiye niliyetakiwa kumwozesha. Nikamkabidhi uwakala kwa simu, nikiwa nimesimama kati ya mlango wa choo na duka la soda pale uwanja wa ndege, sikio moja nimeliziba kwa kidole. Nikaha ilisihi kabisa, na namshukuru Mungu. Lakini mtoto niliyemlea miaka kumi na tisa nilimwozesha huku mtu akiniuliza kama nimepanga foleni ya choo. Jioni nilipofika kwenye walima, Najat alinipa shikamoo, nikaitikia marahaba, na hatujazungumza tena mpaka leo.

4. Sasa nakuja kwenye hoja yangu ya kisheria. Ukurasa wa tatu unasema lengo la bima ni kumrudisha mteja katika hali aliyokuwa nayo kabla ya hasara. Hali niliyokuwa nayo kabla ya hasara ni kwamba Najat alikuwa hajaolewa. Usinielewe vibaya, Ndugu Meneja. Siombi aachike. Mume wake ni kijana mzuri na tayari amenizawadia kofia. Ninachoomba ni kwamba benki igharimie kurudiwa kwa ile sehemu yangu peke yake: shehe, mkwe, mashahidi wawili na mkeka, watu wakae dakika kumi, mimi niulizwe, niitikie, kisha wote warudi makwao wakiwa wameoana kama walivyokuja. Shehe wa hapa mtaani niliyemuuliza kuhusu jambo hili aliniambia nikanywe maji.

Kama dakika kumi ni nyingi, nitaridhika na tano. Kama shehe hatapatikana, Precious anaweza kukaa nafasi yake, maana sauti yake inashawishi.

5. Na ikiwa hoja namba nne nayo itagonga mwamba kama tiketi, basi nabaki na ombi moja ambalo halina gharama zaidi ya wino. Naomba benki imwandikie Najat barua, kwa Kiswahili, kwamba baba yake mdogo alicheleweshwa na mambo yaliyo nje kabisa ya uwezo wake. Maneno hayo ni yenu, yako ukurasa wa kumi na moja, mimi nimeyakopa tu. Mhuri uwe wa duara, kwa sababu wa mstatili watu siku hizi hawauamini. Ikiwezekana uipeleke wewe mwenyewe ukiongozana na wazee wawili, kama tunavyofanya huku mtu mzima anapoomba radhi, mvue viatu mlangoni, na ukae mpaka ajibu. Akikukaribisha chai, usikatae. Akinyamaza, mwambie nimeshaacha kuweka sato kwenye nguo.

Ni hayo tu. Nisalimie Precious na mwambie simlaumu, nisalimie mlinzi wa mlangoni ambaye huniita mkurugenzi, nisalimie kina mama wa dirisha la tatu, na yule aliyeandika kijitabu naye nisalimie, kama macho yake bado yanaona.

Ni mimi, mteja wenu niliyelindwa mfukoni,

Bashiru Muharami.

Baada ya sahihi: Mke wangu Mwaija ameisoma barua hii yote akiwa amesimama, kisha akauliza mbona sikuandika habari za ndege ya saa nne. Nilidhani karatasi haitoshi, lakini naona nafasi imepatikana. Ndege yetu ilikuwa iondoke saa moja asubuhi. Ilipofika saa nne, dada wa kaunta alitangaza kwamba kuna viti vitatu kwenye ndege nyingine inayoondoka muda huohuo, wenye dharura wajitokeze. Nikajitokeza, nikawa wa tatu kwenye mstari. Hapo ndipo nilipoukumbuka ule ukurasa pekee niliokuwa nimeusoma, kwamba anayeondoka kabla ya saa sita kutimia hapati kitu. Tulikuwa na saa tatu tu. Nikapiga hesabu kwamba nikaha iliyoandikwa saa saba kwetu haijawahi kuanza kabla ya saa tisa, nikampisha mama mmoja aliyekuwa nyuma yangu, nikarudi kwenye benchi kuzimalizia zile zilizobaki. Sikujua kwamba yule shehe wa Dar huanza shughuli kwa wakati. Sikujua pia kwamba mama yule ni shangazi wa bwana harusi. Jioni nilipoingia kwenye walima alinitambua, akanishika mkono, akanipeleka mpaka mbele ya Najat, akamwambia ajivunie baba mwenye roho nzuri hivi, aliyekataa kiti cha saa nne ili mwingine awahi.

Kwa hiyo Najat anajua. Ile barua yenye mhuri msiiandike. Hii naituma kwa sababu tu mwenyekiti ameshaigonga. Nitamwandikia mwenyewe. Nimeanza mara tatu tangu asubuhi, na kila nikianza najikuta nimeandika namba moja.