Kifurushi cha Kuamshia Mizani ya Maposeni

Kwa niaba ya Mkurugenzi, Ndugu Rupert, na kwa niaba yangu mimi Crispin, katibu wake, ninayo furaha kuutangazia umma kwamba Ofisi ya Mizani, Songea, imefanikisha jaribio kubwa kuliko yote la kitu kidogo kuliko vyote. Wapo wanaosema tuliaibika. Hao hawajasoma muhtasari wa kikao, wala hawatausoma, kwa sababu umo kabatini na ufunguo ninao mimi.

Mizani ya kompyuta katika ghala la mahindi la Maposeni ilikuwa na tabia ya kuzimika kila ikifika gunia la tatu. Wakulima walikuwa wamepanga foleni siku nne, magunia yako nje, na wingu la mvua za kwanza linazidi kushuka. Injinia wetu Judica, binti aliyehamishiwa kwetu mwaka huu, akasema dawa ipo: kiini kipya cha mfumo, yaani ile programu ya ndani kabisa inayoendesha mashine. Ila lazima kijaribiwe kwanza.

"Nimekitengenezea kifurushi kidogo cha kuamshia," alituambia. "Kiini kikiamka kinakikuta kwenye memori. Ndani mna programu mbili tu: moja inaamsha mizani, nyingine inapima. Basi."

"Basi?" Mkurugenzi akauliza kwa huzuni.

"Basi, bosi. Kikiwa kidogo, kitu kikiharibika unajua palipoharibika. Nimeshakijaribu asubuhi, kimechukua sekunde nne."

Nilimsikitikia. Jaribio lililofaulu kabla ya kuidhinishwa si jaribio, ni utovu wa nidhamu uliopata bahati. Tukaunda Kamati ya Udogo, wajumbe kumi na sita, tukakaa siku tatu mtaa wa Majengo kwenye ukumbi wenye supu nzuri.

Wajumbe waliafiki kwa kauli moja kwamba kifurushi kibaki kidogo. Kisha wakaongeza picha ya Mkurugenzi, maana mashine ya umma haiwezi kuamka bila kujua inamwamkia nani. Wakaongeza kitabu cha wageni, na wimbo. Mwisho tukafika kwenye itifaki. Mizani ingezinduliwa mbele ya mgeni rasmi. Je, iamke tu na kusema "tayari", kama mtu asiye na malezi? Tukaazimia kwamba kabla ya kupima hata punje moja, itawatambua viongozi wote kwa sauti, cheo kwa cheo. Kila mjumbe akataka programu yake yenye jina lake. Mimi nilipewa dakika mbili. Mkurugenzi alipewa hotuba nzima.

"Si iseme tu 'itifaki imezingatiwa'?" Judica aliuliza.

Mjumbe mmoja aliacha kutafuna.

"Binti," Mkurugenzi akasema, "maneno hayo ni ya mtu aliyechoka. Mashine haichoki."

"Memori itajaa, bosi."

"Itajaa viongozi. Kuna ubaya gani?"

"Sawa. Ila mjue, memori ikijaa, kiini hakiombi ruhusa. Kinamtafuta anayekula kuliko wote kinamwondoa, ili kazi iendelee."

Niliandika kwenye muhtasari kwamba maelezo ya kitaalamu yamepokelewa.

Siku ya uzinduzi upepo ulikuwa tayari unanuka mvua. Wa kwanza katika foleni alikuwa Mama Imaculata, mkulima wa hapohapo Maposeni, na magunia yake kumi na moja. Judica akamwamkia shikamoo. "Marahaba, mwanangu," akajibu. "Hivi mvua nayo inamsubiri mgeni rasmi?" Kisha akanifuata mimi.

"Baba, naomba turubai moja tu. Mahindi yakilowa yataota ukungu, hakuna ghala litakaloyapokea. Huo ndio mwaka wangu mzima."

Nilimweleza kwa upole kwamba maturubai yote yamefunika viti vya viongozi. Aliniangalia kwa jicho ambalo mpaka leo linaniudhi.

Mgeni rasmi alikuwa Bi Hilda, mkaguzi kutoka Dodoma. Alibonyeza kitufe. Mizani ikaimba wimbo wote, ikaonyesha picha, ikaanza kutambua viongozi kwa kipaza sauti tulichokifunga kwa ajili hiyo. Matone yakaanza kwenye kiongozi wa tisa. Mama Imaculata akavua kitenge chake cha mabegani akafunika gunia moja. Mizani ikaingia kwenye hotuba: "Ndugu wananchi, kabla sijasema machache..." Hapo ikakwama. Kisha ikasema, mbele ya watu wote:

"Memori imejaa. Anayekula kuliko wote: MKURUGENZI. Ameondolewa."

Mkurugenzi akacheka kidogo, peke yake.

"Anayefuata: KATIBU. Ameondolewa."

Nilisimama kupinga, nikakosa kifungu cha kupingia. Ikaendelea hivyo hadi mjumbe wa kumi na sita. Nakiri kwamba iliondoa kwa kufuata vyeo, na kwa hilo inastahili pongezi. Baada ya hapo ikasema, "Tayari."

Wapagazi wakapandisha gunia la kwanza la Mama Imaculata, na la pili. La tatu lilipopanda watu walisogea kutazama. Mizani ikasoma uzito. Ikasoma na la nne, na vigelegele vikapasuka foleni nzima.

Bi Hilda alimgeukia Mkurugenzi. "Na kule ofisini, nyie mkiondolewa, kazi si itasimama?"

Mama Imaculata ndiye aliyejibu, huku anakung'uta maji kwenye kitenge.

"Itasimamaje, mama, na wao ndio walioisimamisha?"

Bi Hilda hakucheka. Aliamuru maturubai yatolewe kwenye viti yakafunike foleni, akavua viatu, kisha akatuambia sisi kamati kwamba sasa hatuna kazi nyingine, kwa hiyo tubebe.

Nilimnong'oneza Mkurugenzi kumuuliza kama tuna barua ya kuturuhusu kubeba. Alikuwa ameinama kwenye matope na suti yake, ameshika pembe mbili za gunia, ananisubiri nishike zilizobaki.

"Inueni, baba zangu," alisema Mama Imaculata. "Bado saba."