Friza Iliyonichukulia Mke

Lipangalala,
Ifakara.

Kwa Ndugu Obadia,
Mkwe wangu,
Mang'ula.

YAH: MALALAMIKO DHIDI YA FRIZA ULIYONIPA KAMA ZAWADI

Ndugu Mkwe,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Awali ya yote napenda kukujulisha kuwa mimi ni mzima, shamba ni zima, mpunga umeanza kuinamisha vichwa na ndege wameshapata taarifa. Nimeamua kukuandikia badala ya kukupigia simu kwa kuwa simu yako siku hizi inapokelewa na mama mkwe wako, na jambo lenyewe linamhusu. Tena mkwe hafokewi kwenye simu. Mkwe anaandikiwa barua, na mimi nimekuwa karani wa stesheni maisha yangu yote ya kazi, sijawahi kulalamika bila kichwa cha habari. Barua hii inakuja kwa mkono wa Anselim, kijana wa hapa mtaani anayekuja huko kwa shughuli zake. Ipokee wewe mwenyewe.

Utakumbuka kwamba Krismasi iliyopita wewe na Yunis mlituletea friza. Utakumbuka pia kwamba nilisimama mbele ya wageni nikatoa hotuba ndefu ya shukrani, nikasema wengine wameozesha binti wakapata mkwe, mimi nimeozesha binti nimepata mtoto wa kiume. Naomba hotuba hiyo ifutwe kwenye kumbukumbu, hasa ile sehemu niliyotokwa na machozi.

Baada ya hapo Mungu akatujalia mapacha, na Mama Yunis akaja kwako kumlea mzazi kama ilivyo desturi. Sikuwa na neno. Arobaini ikafika, nikafagia uwanja kumpokea. Arobaini ikapita. Sasa mapacha wanaota meno, Yunis amerudi kufundisha, wewe unashinda porini na wanyama wa hifadhi, na mke wangu bado yuko kwako. Kwangu anakuja Jumamosi mojamoja, tena kwa basi, jambo ambalo kama mstaafu wa reli nimejitahidi kulisamehe. Anapika mchana kutwa, anajaza friza, na Jumapili baada ya misa anaondoka. Watu wote wananiambia nina bahati. Kwa hiyo naomba uyasome malalamiko yafuatayo kwa utulivu.

1. Wali. Wewe umekulia kwenye kambi za mashamba ya miwa, mlikula mlichokuta, kwa hiyo sikulaumu. Sisi wa bonde hili wali unatangulia kunukia ndipo unaliwa. Ukipikwa kwetu, wa nyumba ya tatu anajua. Wali unaotoka kwenye friza hauna taarifa yoyote kwa mtu. Unaingia kwenye sufuria ukigonga kama changarawe. Sitaki kusema uongo: ukinyunyiziwa maji kidogo na kufunikwa juu ya moto wa taratibu, unarudi karibu na ulivyokuwa. Lakini neno lenyewe ni hilo, karibu. Mimi nalima mpunga, siwezi kula karibu.

2. Kuamua njaa mapema. Nimeagizwa nitoe kopo asubuhi ili hadi jioni liwe limeyeyuka. Maana yake ni kwamba kabla sijapiga mswaki natakiwa nijue jioni nitakuwa na hamu ya nini. Nimepanga ratiba za mabehewa, Obadia, lakini tumbo langu sijawahi kulipangia ratiba. Asubuhi natoa maharage. Nashinda shambani naamia ndege, nimepiga debe na kupiga kelele mpaka sauti imekauka, narudi nyumbani mwili mzima unataka samaki, na samaki yuko ndani amekuwa jiwe. Siku moja nilijaribu kumlazimisha kambale kwa moto mkali. Chini alikuwa anaungua, juu bado ana barafu. Nikamla hivyohivyo, upande mmoja mkaa na upande mwingine baridi, na sikuwa na wa kumlalamikia.

3. Makopo. Mama Yunis anatumia makopo ya siagi na vindoo vya mafuta, na yakishaganda yote yanafanana. Alinieleza mpangilio: kulia mboga za majani, kushoto samaki, katikati nyama, wali chini. Kulia kwake akiwa amesimama wapi, hakusema. Ndivyo ilivyotokea nikatoa kindoo kimoja ambacho nilikiona kizito na cha heshima. Ulikuwa mchanganyiko fulani mlaini wenye dagaa, mgeni kwangu, nikadhani ni pishi alilojifunza huko Mang'ula. Niliukamulia ndimu, nikaongeza pilipili, nikaula siku hiyo na kesho yake, kisha nikampigia simu kumpongeza. Akaniuliza mbwa wetu Watasema anaendeleaje. Nikamwambia amekonda, ila ananipenda sana siku hizi, nikila anakaa mbele yangu ananitazama machoni bila kupepesa. Alicheka mpaka akashindwa kushika simu, akampa Yunis, naye Yunis akacheka mpaka mapacha wakaamka. Nadhani na wewe uliambiwa. Nashukuru kwamba hujawahi kuligusia, hiyo ni heshima ya mkwe.

4. Majirani. Hili ni zito. Toka nipate akili, mwanaume wa hapa ambaye mkewe amekwenda kulea mzazi au kwenye msiba hajawahi kunyimwa sahani na majirani. Mama Yunis alipokwenda Chita kumzika dada yake, Balbina wa jirani alinilisha siku zote zile, na si chakula tu. Alikuwa anakaa pale mlangoni akisubiri sahani yake, na hadi namaliza kula nimeshajua nani kauza kiwanja, nani kagombana na nani, na binti wa nani anaposwa. Juzi nimemwona anapita na sahani imefunikwa kawa. Nikanyoosha mgongo. Akaniamkia shikamoo vizuri kabisa, akapita nayo hadi kwa Kelestini, yule wa kona aliyefiwa na mkewe. Nilipomuuliza kiutani kama amenisahau, akanijibu kwamba mimi ni mzee mwenye friza. Tangu hapo sijui chochote kinachoendelea mtaani. Friza ina chakula, sikatai, lakini haina habari.

Hata Makoye, jirani yetu Msukuma mwenye ng'ombe, ambaye mpaka leo anawaita wajukuu zangu Kulwa na Doto, kama mapacha wanavyoitwa kwao, ingawa kanisani wamebatizwa Nazari na Dorotea, nilimweleza shida hii nikitegemea anihurumie. Alinisikiliza hadi mwisho, akatikisa kichwa kwa huzuni, halafu akaomba nimwekee maziwa yake kwenye friza.

5. Moshi. Jiko letu halitoi moshi siku za kazi, kwa kuwa napasha kwenye jiko dogo la gesi. Wanajumuiya wakaona paa halifuki, wakajua hali yangu si nzuri. Walikuja na rozari na unga. Walisali vizuri sana. Unga niliupokea.

6. Umeme. Ukikatika, mimi ndiye ninayehangaika. Naifunika friza blanketi, lile la bluu la mama mkwe wako, nazungusha na shuka juu yake ili ubaridi usitoke. Joto la Ifakara unalijua. Watu wakipita wanaona mwanaume mzima amefunika sanduku blanketi, amekaa pembeni yake ameshika shavu, wanauliza nani mgonjwa.

7. Siku yenyewe ya kupika. Hii naomba uisome mara mbili, kwa sababu ndiyo inayonisumbua kuliko zote. Anafika Jumamosi asubuhi, hata kitenge cha safari hajavua, anaanza. Majiko matatu yanawaka kwa pamoja, maharage huku, kisamvu kule, kambale wa nazi pale katikati. Mimi mzee mzima napewa mbuzi na nazi, naambiwa nikune. Nikimaliza nazi napewa kisamvu nitwange. Nikikaa naambiwa nimekaa kwenye moshi, nikisimama naambiwa namzibia mwanga. Na muda wote huo anazungumza. Dorotea ameng'ata kidole cha Nazari. Nazari akilia anatoa sauti kama yangu. Yunis anasahihisha madaftari huku ananyonyesha. Wewe Obadia umekonda na hutaki kusema kwa nini. Anazungumza mpaka jua linazama, na nyumba yote inanukia, na Watasema anashinda amelala mlangoni hataki kwenda popote. Balbina naye anakuja, wanacheka mambo ambayo mimi siambiwi.

Halafu makopo yanapoa, yanafungwa, yanaingia ndani ya friza moja moja. Jumapili anaondoka. Jumatatu nafungua kopo, nakuta kila kitu kimo, nazi niliyoikuna mwenyewe imo, chumvi imo, kambale yumo. Nakaa nacho mezani. Kinachokosekana siwezi kukiona kwenye sahani, lakini ninakijua, nawe ni mtu uliyeoa, unakijua.

8. Hoja kuu. Sasa naomba tufikiri pamoja kama watu wazima. Zamani mama alikuwa anakwenda kulea mzazi, anakaa, anasaidia, halafu siku moja usingizi unamkatika, anajiuliza mume wangu anakula nini. Swali hilo ndilo lililokuwa linarudisha wanawake nyumbani katika bonde lote hili. Hakuna barua iliyohitajika, wala wazee kutumwa. Njaa ya mume ilikuwa inafanya kazi yake kimyakimya. Ukaja wewe na friza. Mama Yunis akiniwaza leo anajua ninakula nini, kwa kuwa amekipika mwenyewe, anajua hata kiko upande gani. Akilala kwako analala usingizi mzito.

Jambo hili likiachwa litaenea. Friza zitaingia kila nyumba, kutoka hapa mpaka Mang'ula. Wanawake wote watapika Jumamosi moja, wataondoka Jumapili kwenda kwa mabinti zao, na bonde zima litabaki na wanaume wamesimama mbele ya masanduku ya baridi, kila mmoja ameshika kijiko, anabahatisha kulia ni wapi. Hakuna moshi, hakuna sahani inayopita, hakuna anayejua habari ya mwenzake. Uchaguzi ukija hatutajua nani kagombea. Mtu atakufa huku friza yake imejaa, na watu watasema alikuwa anakula vizuri.

Utaniuliza kwa nini nisije mimi huko. Nalijibu mapema. Mpunga umefikia hatua ya ndege, nikiuacha siku mbili tu nitavuna mabua. Na hata kama ndege wangenihurumia, baba mkwe haendi kukaa kwa mkwewe akawa anagongana naye kwenye mlango wa bafuni asubuhi. Nakuheshimu mno kwa hilo.

Kwa kuzingatia maelezo hayo, naleta kwako maombi yafuatayo:

(a) Friza irudi kwako Mang'ula mara moja. Tuma gari. Nitaisafisha na kuisindikiza hadi barabarani.

(b) Utafute msichana wa kazi wa kusaidia kulea, mwenye tabia njema, na umshawishi Mama Yunis kwamba mapacha wamemzoea. Kama hawajamzoea, wazoeshwe.

(c) Serikali ikikuuliza chochote kwenye mambo ya biashara, uishauri kwamba mwanamke mwenye mume asiuziwe friza mpaka aeleze anataka kwenda wapi.

Sina nia ya kuwavunjia ndoa wala kuwanyima msaada. Najua mapacha si kazi ya mtu mmoja, na najua Yunis usiku halali. Mama yake akiwa pale hata mimi moyo wangu unatulia juu ya wajukuu. Nasema tu kwamba moyo umetulia kwa upande wa Mang'ula. Kwa upande wa Lipangalala haujatulia.

Nisalimie Yunis. Wabusu mapacha kwa niaba yangu, na Makoye naye anawasalimia kwa majina yake. Wasalimie walimu wenzake Yunis, wasalimie askari wenzako, na hata wale nyani wanaokusumbua kazini wape salamu zangu, nao wana familia zao na naona wanakaa pamoja.

Wako katika ujenzi wa familia,

Salvatory,
Baba Yunis,
Karani Mstaafu.

Nakala:
Paroko – kwa sala tu.
Balbina – akumbuke sahani.
Mama Yunis – ASIONESHWE.

Nyongeza:

Barua nilikwisha kuifunga, nimeifungua tena. Nilikuwa nimesimama mbele ya friza nikitafuta pa kuishika ili niisogeze mlangoni, ndipo nikajiuliza: hii ikiondoka, Jumamosi Mama Yunis atakuja Lipangalala kufanya nini? Kuniamkia tu? Yunis atamwambia baba hajambo, subiri shule zifungwe, naye akishawekewa mapacha miguuni atasubiri. Kwa hiyo ombi (a) nimelifuta. Usitume gari.

Badala yake ulizia dukani kama wana friza ndogo kuliko hii. Ndogo kabisa, ya kujaa kwa sufuria mbili. Waambie tutabadilishana, na kama kuna nyongeza ya kulipa nitailipa mimi mpunga ukitoka. Hii ya sasa ni kubwa mno, inachelewa kuisha.

Kwa leo mwambie Mama Yunis chakula kimekwisha. Hakijaisha. Nawaita watoto wa Makoye waje na mabakuli, hadi Jumamosi kitakuwa kimekwisha.